Kupembua Mbale ya Chuma

Jembe, panga, msumari, bati la nyumba na nondo za daraja vyote vimetokana na chuma. Katika soko la Babati vitu hivi huuzwa kila siku, na mkulima wa mahindi au mbaazi hawezi kumaliza msimu bila ya kutumia kimojawapo. Lakini chuma hakichimbwi ardhini kikiwa tayari kwa kufuliwa. Huchimbwa kikiwa ndani ya mawe, nayo mawe yenyewe mara nyingi huwa na uchafu mwingi kuliko chuma. Katika somo hili tutajifunza namna mawe hayo yanavyosafishwa kabla ya kutiwa motoni, na sababu za kufanya kazi hiyo.

1. Chuma kilivyo ardhini

Tazama udongo wa miteremko ya Mlima Kwaraa, juu ya mji wa Babati. Mahali pengi udongo huo ni mwekundu. Sasa tazama kutu iliyo juu ya jembe kuukuu lililoachwa mvuani. Rangi hizo mbili zinafanana, wala si kwa bahati. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji, na wekundu wa udongo nao hutokana na chuma kilichoungana na oksijeni.

Chuma ni kingi sana duniani. Katika kila kilo 100 za miamba ya gamba la dunia, karibu kilo 5 ni chuma. Hata hivyo, hakuna mtu anayeyeyusha udongo wa shambani ili apate jembe, maana chuma chake kimetawanyika mno. Tunatafuta mahali ambapo chuma kimekusanyika kwa wingi ndani ya mawe. Mawe yenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida huitwa mbale.

Mbale za chuma zinazotumika zaidi ni za aina mbili:

(a) Hemataiti. Mbale hii huwa nyekundu au ya kijivu, na ukiisugua juu ya kigae cheupe huacha mstari mwekundu. Hemataiti iliyo safi kabisa ina kilo 70 za chuma katika kila kilo 100.

(b) Magnetaiti. Mbale hii ni nyeusi, na huvutwa kwa nguvu na sumaku. Magnetaiti iliyo safi kabisa ina kilo 72 za chuma katika kila kilo 100. Sehemu iliyobaki ni oksijeni.

Mbale safi kabisa ni adimu. Kwa kawaida chembe za hemataiti au magnetaiti zimechanganyika na mawe mengine, hasa yale yenye silika, ambayo ndiyo mchanga mweupe tunaoujua. Mbale yenye kilo 60 au zaidi za chuma katika kila kilo 100 huitwa mbale tajiri. Ile yenye kilo 25 au 30 tu huitwa mbale hafifu.

2. Kwa nini mbale hafifu haitiwi tanurini moja kwa moja?

Mkulima wa Babati anapovuna mahindi, hapakii magunzi katika gari liendalo Arusha. Kwanza hupukuchua, kisha hupepeta, ndipo atie punje katika gunia. Angepeleka mahindi na magunzi yake, angelipa nauli ya kitu asichoweza kuuza. Kiwanda cha chuma hufuata akili hiyo hiyo. Hebu tufanye hesabu.

Tuseme kiwanda kinataka kupata tani 60 za chuma. Kikitumia mbale yenye sehemu 60 za chuma katika 100, kinahitaji tani 100 za mbale. Kikitumia mbale yenye sehemu 30 katika 100, kinahitaji tani 200. Mtu anaweza kudhani kwamba uchafu umeongezeka mara mbili tu. Lakini tazama vizuri:

Katika tani 100 za mbale tajiri, tani 60 ni chuma na karibu tani 26 ni oksijeni iliyoungana na chuma hicho. Mawe yasiyo na faida ni karibu tani 14.

Katika tani 200 za mbale hafifu, tani 60 ni chuma na karibu tani 26 ni oksijeni. Mawe yasiyo na faida ni karibu tani 114.

Basi chuma ni kile kile, lakini uchafu umeongezeka mara nane. Uchafu huo wote utabebwa kwa gari au reli, utapashwa moto mpaka uyeyuke, kisha utamwagwa. Makaa yaliyotumika kuuyeyusha hayarudi tena. Katika kazi ya chuma moto ni ghali sana. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: ondoa uchafu mwingi iwezekanavyo kabla ya kuwasha tanuri.

3. Wahunzi wa zamani walijua jambo hili

Kazi ya kuyeyusha chuma si ngeni katika nchi yetu. Katika Mkoa wa Kagera, karibu na Ziwa Viktoria, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mabaki ya matanuri yaliyotumika takriban miaka 2,000 iliyopita. Wapangwa wa Ludewa nao waliyeyusha chuma kutokana na mbale za nchi yao.

Wafipa wa Ufipa waliendelea na kazi hiyo mpaka karne ya 20, na utaratibu wao unatufundisha mengi. Walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo yalizidi kimo cha mtu. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, bila ya mivukuto. Kilichotoka humo kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka ukaganda. Bonge hilo halikufaa kufuliwa jembe. Kwa hiyo Wafipa walilivunja na kulitia katika tanuri la pili, dogo zaidi, lililopulizwa kwa mivukuto, ili kulisafisha. Chuma kilisafishwa kwa hatua, na kila hatua ilipunguza uchafu. Lakini kusafisha kwa moto kulitumia makaa mengi, na makaa yalitoka katika miti.

Mhunzi wa siku hizi hununua chuma chakavu, kama vile springi za gari lililoharibika. Yeye haanzi na mbale. Kazi ya kusafisha ilikwisha kufanywa zamani na watu wengine, pengine katika nchi nyingine.

4. Jaribio: Kupembua mchanga mweusi

Magnetaiti hupatikana katika miamba mingi, ingawa kwa kiasi kidogo. Mvua huimomonyoa miamba na kuipeleka mchanga katika makorongo. Chembe za magnetaiti zina uzito karibu mara mbili ya chembe za mchanga mweupe zenye ukubwa ule ule. Kwa hiyo maji yakipungua mbio, hutua kwanza na kufanya mistari myeusi. Baada ya mvua, tafuta mistari hiyo mahali korongo linapopinda au nyuma ya mawe makubwa. Nenda pamoja na mwalimu wako, na usiingie korongoni wakati mvua inanyesha huko mlimani.

Vifaa: sumaku (ile ya spika ya redio kuukuu inafaa sana), kipande cha plastiki nyembamba, karatasi nyeupe mbili, kikombe cha mchanga mkavu wenye chembe nyeusi, kijiko, sahani na maji.

Njia:
1. Anika mchanga mpaka ukauke kabisa. Uchekeche ili uondoe kokoto na majani.
2. Pima vijiko 20 vya mchanga na uvitandaze juu ya karatasi ya kwanza.
3. Funga sumaku katika plastiki. Ipitishe polepole juu ya mchanga, karibu sana bila ya kugusa.
4. Peleka sumaku juu ya karatasi ya pili, kisha ivute itoke ndani ya plastiki. Chembe nyeusi zitaanguka.
5. Rudia mpaka sumaku isipate tena kitu. Pima chembe ulizokusanya kwa kijiko kile kile.

Utaona nini? Mchanga umegawanyika mafungu mawili. Fungu dogo ni jeusi na zito. Fungu kubwa limebaki na rangi nyepesi. Umepembua mbale ya chuma.

Sasa zitazame chembe nyeusi kwa makini, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Baadhi yake zina upande mweusi na upande mweupe. Hizi ni chembe ambazo magnetaiti na mchanga bado vimeshikana. Sumaku imevuta magnetaiti, na mchanga umeburutwa pamoja nayo. Utawezaje kuvitenganisha? Ziponde chembe hizo kati ya mawe mawili, huku umefunika kwa kitambaa ili vipande visiruke machoni. Kisha rudia kazi ya sumaku. Fungu la pili litakuwa safi kuliko la kwanza.

Jaribio la pili: Weka mchanga kidogo katika sahani, tia maji, kisha uzungushe sahani taratibu huku maji yakimwagika ukingoni. Mchanga mwepesi hutangulia kutoka na ule mzito hubaki. Njia hii hutegemea uzito, haihitaji sumaku. Hutumika pia kwa hemataiti, ambayo huvutwa na sumaku kwa udhaifu sana.

5. Kazi hii inavyofanywa kiwandani

Kiwandani hufanywa mambo yale yale uliyoyafanya wewe, ila kwa mashine kubwa na kwa maelfu ya tani.

Kwanza, mawe huvunjwa kwa mashine yenye mataya ya chuma mpaka yawe kokoto. Pili, kokoto husagwa pamoja na maji ndani ya mapipa makubwa yanayozunguka, yenye fito au mipira ya chuma ndani yake. Husagwa mpaka chembe za magnetaiti ziachane na mawe mengine. Kuna mbale ambazo hazina budi kusagwa mpaka ziwe laini kama unga. Hatua hii hutumia umeme mwingi kuliko nyingine zote za upembuaji, kwa hiyo fundi hasagi zaidi ya inavyohitajika.

Tatu, uji huo wa unga na maji hupitishwa penye mapipa yenye sumaku ndani. Magnetaiti hushikwa na kubebwa upande mmoja. Mawe mengine huchukuliwa na maji upande wa pili. Kilichoshikwa huitwa mbale iliyopembuliwa. Kilichochukuliwa na maji huitwa makapi.

Nne, mbale iliyopembuliwa hukaushwa na kufinyangwa. Unga hauwezi kutiwa tanurini ulivyo, kwa sababu ungeziba njia ya hewa, na mwingine ungepeperushwa. Kwa hiyo huchanganywa na udongo wa mfinyanzi kidogo, huviringishwa kuwa vidonge vyenye ukubwa wa gololi, kisha huchomwa mpaka viwe vigumu.

Ndipo vidonge huingia tanurini pamoja na makaa na mawe ya chokaa. Makaa yakiungua hutoa joto na gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hunyang'anya mbale oksijeni yake, na chuma hubaki. Chokaa huungana na silika iliyosalia na kufanya mavi ya chuma, ambayo ni mepesi na huelea juu ya chuma kilichoyeyuka.

Mfano mzuri wa kazi hii ni jimbo la Minnesota katika Marekani. Mbale tajiri za huko zilichimbwa kwa miaka mingi, na zilipoanza kupungua ilibaki miamba migumu yenye sehemu 25 hadi 30 tu za chuma katika 100. Wengi waliiona haina kazi. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, E. W. Davis, alitumia miaka mingi kutafuta njia ya kuisaga na kuipembua kwa sumaku. Katika miaka ya 1950 viwanda vikubwa vilianza kutumia njia hiyo, na vidonge vilivyotoka vilikuwa na karibu sehemu 65 za chuma katika 100. Mwamba uliodharauliwa ukawa mali.

6. Makapi nayo yahesabiwe

Upembuaji haupati chuma chote. Tuseme kiwanda kimepembua kilo 100 za mbale yenye kilo 30 za chuma. Kimepata kilo 40 za mbale iliyopembuliwa, yenye sehemu 66 za chuma katika 100. Chuma kilichomo humo ni kilo 26 na gramu 400. Basi kilo 3 na gramu 600 za chuma zimepotea ndani ya kilo 60 za makapi. Fundi hodari hujaribu kupunguza hasara hiyo, lakini haiwezi kwisha kabisa.

Jambo la pili ni mahali pa kuyaweka makapi. Mahindi yakipepetwa, makapi hupeperuka au huliwa na ng'ombe. Makapi ya mbale ni unga wa mawe, hauliwi wala hauozi. Kiwanda kimoja cha Minnesota kilikuwa kikimwaga makapi yake katika Ziwa Superior, zaidi ya tani 60,000 kila siku. Unga mwembamba ulienea majini, na watu wa miji iliyokunywa maji ya ziwa hilo wakaingiwa na hofu. Baada ya kesi ndefu, umwagaji huo ulikomeshwa mwaka 1980, na makapi yakaanza kuwekwa katika bwawa lililojengwa nchi kavu.

Fikiri juu ya Ziwa Babati, lenye samaki na viboko, ambalo watu wengi hulitegemea. Je, ungekubali unga wa mawe umwagwe humo? Ndiyo sababu bwawa la makapi lazima lipangwe kabla ya mgodi kufunguliwa, na maji yatumikayo yachujwe na kutumika tena.

7. Mbale za Liganga

Mbale kubwa ya chuma katika Tanzania ipo Liganga, Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe. Imekadiriwa kuwa na tani milioni 126. Karibu yake, katika wilaya hiyo hiyo, yapo makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China juu ya kuendeleza sehemu hizo mbili. Lakini zaidi ya miaka kumi ilipita baada ya hapo bila chuma kuyeyushwa Liganga.

Mbale ya Liganga ni magnetaiti, lakini ndani yake mna madini mengine mawili, titani na vanadi. Hapa sumaku peke yake haitoshi. Kumbuka chembe zenye upande mweusi na upande mweupe ulizoziponda katika jaribio. Katika mbale ya namna hii, sehemu kubwa ya titani imeungana na chuma ndani ya chembe ile ile. Hata ukisaga mpaka unga uwe laini kabisa, sumaku itavuta vyote viwili. Titani ikizidi katika tanuri la kawaida, mavi ya chuma huwa mazito kama uji ulioganda, na hushindwa kutiririka.

Je, mbale hiyo haifai? La, inafaa, lakini inahitaji elimu yake maalumu. Katika mji wa Panzhihua, China, kuna mbale yenye chuma, titani na vanadi. Wataalamu wa huko walibuni namna ya kuiyeyusha, na chuma cha kwanza kilitoka mwaka 1970. Tena titani na vanadi zina thamani zikitengwa. Vanadi kidogo huongeza nguvu ya chuma cha pua, na titani hutumika kutengenezea rangi nyeupe. Uchafu wa kazi moja umekuwa malighafi ya kazi nyingine.

Katika miaka ya 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilifua majembe kwa chuma kilichonunuliwa nchi za nje. Mikono ya kufua ilikuwa yetu, lakini chuma kilivuka bahari. Mbale tunayo. Ili iwe jembe twahitaji umeme wa kusagia, maji, reli, mabwawa ya makapi na mafundi waliosoma vizuri sayansi.

Mambo ya kukumbuka

Chuma ni kingi duniani, lakini mara nyingi kimetawanyika.
Mbale hafifu hupembuliwa kwanza ili moto usipotee katika kuyeyusha uchafu.
Chembe husagwa mpaka ziachane, ndipo zitenganishwe kwa sumaku au kwa uzito.
Madini yaliyoungana ndani ya chembe moja hayatenganishwi kwa sumaku.
Makapi yasipotunzwa huharibu maji.

Maswali

1. Eleza kwa nini udongo mwekundu wa shambani hauitwi mbale ya chuma.
2. Kiwanda kinataka tani 30 za chuma. Kitahitaji tani ngapi za mbale yenye sehemu 25 za chuma katika 100? Je, za mbale yenye sehemu 60 katika 100?
3. Kwa nini mbale husagwa kabla ya kupitishwa penye sumaku?
4. Mwanafunzi alipata vijiko 2 vya chembe nyeusi kutoka vijiko 20 vya mchanga. Hiyo ni sehemu gani katika 100? Je, chembe zote hizo ni chuma? Eleza.
5. Taja tofauti moja kati ya kupepeta mahindi na kupembua mbale.
6. Wafipa walisafisha chuma katika tanuri la pili. Kiwanda cha siku hizi husafisha mbale kabla ya tanuri la kwanza. Njia ipi huokoa makaa zaidi? Kwa nini?
7. Jadilianeni darasani: kama mgodi ungefunguliwa karibu na kijiji chenu, mngeuliza maswali gani juu ya maji na makapi kabla ya kazi kuanza?